Umeme ukiwa mdogo LUKU inakimbia zaidi? Nimepima birika kwa klampu mita, nyumba nzima inanibishia

#1 KoiliNyekundu
Wakuu habari za jioni. Naombeni mnisaidie ubishi maana hapa nyumbani tumegawanyika. Tunapokaa (Mbagala, ndani ndani huko) ikishafika saa moja jioni umeme unakuwa mdogo, taa za watu zinafifia na feni unaweza kuhesabu mapanga yake. Sasa mama mwenye nyumba anasema umeme mdogo ndo unaokula uniti, na katupiga marufuku kuchemsha maji na kupiga pasi kuanzia saa moja mpaka saa nne usiku. Wapangaji wote wanamuunga mkono, mimi peke yangu ndo mpinzani.

Nikaazima klampu mita (kile kipimo kinachobana waya na kusoma ampea) kwa fundi nikapima. Soketini volti 187. Birika la umeme likiwa linachemsha, ampea 7.1. Kuzidisha napata wati 1,328. Kugawanya 187 kwa 7.1 napata omu 26.3. Chini ya birika imeandikwa 220-240V, 1850-2200W. Nikachukua 240 mara 240 nikagawanya kwa 2200, jibu 26.2. Nikachukua 220 mara 220 gawanya kwa 1850, jibu 26.2 tena. Yani ukinzani wa koili ni uleule, kiwandani na Mbagala. Kwa hiyo volti zikishuka birika linavuta wati pungufu, sasa LUKU inakimbiaje? Nataka majibu ya kitaalamu, msinitukane.

#2 Sina_Ekstensheni
Ubishi na mwenye nyumba haumalizwi kwa klampu mita mkuu, unamalizwa kwa kuhama.

#3 MkataWaya
Mama mwenye nyumba yuko sahihi. Mimi ni fundi, nimefunga nyumba mpaka nimechoka kuhesabu. Volti zikishuka ampea zinapanda, hiyo ipo wazi kabisa. Nguvu ni volti mara ampea, kama kitu ni cha wati 2000 na volti zimekuwa 187 basi kinatafuta ampea 10.7 ili kifikishe wati zake. Ndo maana waya zinapata moto jioni, ndo maana mafriji yanaungua jioni. Usimbishie mama.

#4 Mwl_Mkondo
@MkataWaya fundi wangu, hapo umeshika kanuni moja ukaiacha dada yake nje. Nani kakwambia birika lina akili ya kutafuta wati 2000? Birika ni koili tu. Kitu ambacho hakibadiliki kwenye koili ni ukinzani wake, na mkondo unaamuliwa na volti ulizompa ukigawanya kwa ukinzani huo. Ohm alishaandika hayo tangu 1827. Hiyo 2000 iliyobandikwa chini ni wati za siku volti ziko sawa.

Halafu mleta mada amepima. Kapata 7.1, hakupata 10.7. Kipimo kipo mezani tunabishania nini?

Kwa wanaotaka hesabu fupi: weka volti gawanya ukinzani mahali pa mkondo, unapata nguvu = volti mara volti gawanya ukinzani. Kutoka 230 kushuka 187 volti zimepungua kama asilimia 19, lakini kwa sababu zinajizidisha zenyewe, nguvu imepungua asilimia 34 hivi. Birika lilelile kwenye 230 lingekuwa linavuta wati 2,019.

#5 MkataWaya
Mwalimu darasani hakuna friji.

#6 BintiFumba
Jamani mie nipo Unguja, sisi mita zetu twaziita Tukuza lakini uniti ni zilezile. Mie sina elimu ya umeme ila najua jikoni kwangu. Jioni nikiweka maharage kwenye jiko la koili hayaivi, yanachezacheza tu, na nikienda kutazama mita uniti zimeondoka. Mchana maharage yaleyale, kibakuli kilekile, yanaiva na uniti zinabaki. Sasa mwalimu niambie, hizo za jioni zimeliwa na nani?

#7 chalii_wa_moshono
Zimeliwa na maharage dada

#8 Mwl_Mkondo
@BintiFumba swali zuri sana hili, na ndipo penyewe. Tutenganishe vitu viwili, kasi ya kula na jumla iliyoliwa. Wati ni kasi. Uniti ya LUKU au Tukuza ni kilowati saa, yani kasi mara muda.

Chukua birika la mleta mada, maji lita moja na nusu kutoka nyuzi 25 mpaka 100. Maji yanahitaji joto lilelile bila kujali volti, kama jouli 471,000 hivi, ambazo ni uniti 0.13. Kwenye volti 230 itachukua karibu dakika nne. Kwenye 187 karibu dakika sita. Kasi imepungua, muda umeongezeka, jumla inakuja palepale.

Hapo nimehesabu kama vile birika halipotezi joto pembeni. Linapoteza, na kadiri linavyokaa muda mrefu ndivyo linavyopoteza zaidi. Kwa birika lenye kifuniko tofauti ni ndogo. Kwa sufuria wazi ya maharage ni kubwa. Jiko la wati 1000 ukilipa volti 150 linabaki na wati 425. Kama sufuria, mvuke na upepo wa dirishani vinachukua karibu zote hizo 425, basi utakaa hapo mpaka usiku wa manane, mita inasoma na maharage hayaivi.

#9 KoiliNyekundu
Kwa hiyo mwalimu unasema na mama mwenye nyumba yuko sahihi? Mbona unanigeuka

#10 Mwl_Mkondo
Sijakugeuka. Kwenye birika uko sahihi wewe. Kwenye maharage mama ana hoja. Mpikieni kwa kifuniko.

#11 PumbaNaMchele
Mi nataka kuharibu sherehe. Nina balbu ya zamani ile ya wati 100 ya kioo, imeandikwa 230V. Nimechomoa nikaipima kwa maltimita, omu 38. Kwa kanuni ya mwalimu 230 mara 230 gawanya 38 = wati 1,392. Balbu ya wati 100 imekuwa jiko la umeme!! Aidha maltimita yangu mbovu au Ohm alikuwa anatupiga kamba. Nasubiri majibu.

#12 Sina_Ekstensheni
😂😂 kaa mbali na hiyo balbu mkuu, pikia maharage ya Fumba

#13 fyuzi_ya_waya
@PumbaNaMchele maltimita haipimi vizuri kwa sababu yenyewe inatumia betri, ni umeme wa moja kwa moja, wakati nyumbani ni umeme wa kupishana. Ukinzani wa umeme wa kupishana ni mwingine.

#14 Mwl_Mkondo
Hapana fyuzi. Hiyo ingekuwa hoja kwa kitu chenye misokoto mingi juu ya chuma, kama mota au transfoma. Uzi wa balbu ni mfupi na mwembamba, kwa hizi hezi 50 za nyumbani tofauti hiyo huioni. Kinachotokea ni joto. Uzi wa balbu ni tangsteni, ikiwaka inafika nyuzi kama 2,500 na ukinzani wake unapanda zaidi ya mara kumi ya ule wa baridi. Amepima ikiwa imelala. Aipime ikiwa inawaka, volti na ampea kwa pamoja, atapata ampea 0.43 hivi, ukigawanya 230 kwa 0.43 ni omu 530 na kitu. Hapo wati 100 zinarudi.

#15 PumbaNaMchele
Sasa kwanini birika la mleta mada halibadiliki? Nalo si linapata moto?

#16 dundika_solda
Linabadilika, ila kidogo sana asilimia chache tu. Koili za mabirika, pasi na majiko ni nikromu, mchanganyiko wa nikeli na kromiamu, uliteuliwa kwa ajili ya tabia hiyo hiyo pamoja na kwamba hauli kutu ukiwa mwekundu. Tena kwenye birika koili imezungukwa na maji, haifiki hata wekundu. Kwa hiyo kwenye birika ukipima kwa maltimita likiwa baridi unapata jibu la kuaminika. Kwenye balbu usithubutu.

Na hiyo omu 38 ya baridi si uongo. Sekunde ile unapobonyeza swichi balbu kweli inavuta ampea sita kwa kufumba na kufumbua, ndo maana balbu za zamani zilikuwa zinaungua pale pale unapowasha, mara chache zinaungua katikati ya kuwaka.

#17 fyuzi_ya_waya
Mi bado nasema na AC, yani umeme wa kupishana, inachangia.

#18 dundika_solda
Changia na wewe mkuu, uzi ni wa wote.

#19 MkataWaya
Mnazunguka kwenye mabirika na mabalbu mmeniachia friji langu pale juu hamjaligusa. Mwalimu jibu la friji.

#20 KibaoChaMwembeTayari
Niko Mombasa, huku stima inafaa kuwa volti 240 lakini mtaani kwangu usiku nasoma mia mbili na kitu. @MkataWaya uko na pointi kwa friji na sioni mbona wanakukwepa. Kompresa ya kawaida isiyo na inveta ni mota, na mota haifuati hesabu ya koili. Ina kazi ya kusukuma gesi, na gesi haijui volti zimeshuka. Volti zikipungua mota inateleza kidogo nyuma, inavuta mkondo zaidi ili ifanye kazi ileile. Ampea zinapanda, misokoto inapata joto kwa mkondo mara mkondo mara ukinzani, kanuni ya Joule ya 1841 hiyo. Ikizidi inashindwa kabisa kuanza, unaisikia inanguruma tu, na hapo inavuta mara tano sita ya ampea za kawaida mpaka kile kikatio cha joto kikate. Kikigoma kukata, umekwisha.

#21 MkataWaya
Asante Mombasa. Nilikuwa nasubiri mtu mwenye heshima.

#22 Mwl_Mkondo
Nakubaliana na Mombasa kuhusu friji. Ila fundi, ulianza na birika. Na tusiseme mota zote. Feni ya dari ni mota vilevile na volti zikishuka inazunguka polepole, inasukuma hewa kidogo na wati zake zinashuka. Mleta mada si anahesabu mapanga?

#23 Jini_la_Stablaiza
Mnaongea sana, dawa ni stablaiza. Nimeweka ya VA 5000, nyumba nzima 230 muda wote, wati zinarudi, birika linachemka, nimeacha kusikia hizi habari.

#24 dundika_solda
@Jini_la_Stablaiza ndiyo lakini elewa ulichofanya. Ili ikupe 230 kutoka 187 inavuta ampea nyingi zaidi upande wa nguzo. Birika la ampea 7.1 sasa nyumbani linapata 8.8, na upande wa kuingilia stablaiza inavuta karibu 10.8 hata kabla hujaweka hasara zake yenyewe, zile zinazoifanya iwe ya moto ukiigusa. Waya wa mtaani ni uleule. Majirani zako volti zao zinashuka zaidi kwa ajili yako. Wakiweka na wao stablaiza mtaa mzima, mtakuja kulia wote.

#25 Jini_la_Stablaiza
Majirani wana simu, waanzishe uzi wao.

#26 chalii_wa_moshono
Hiyo 10.8 ya dundika si ndo ile 10.7 aliyosema fundi kwenye post namba 3? Kumbe fundi alikuwa anamuongelea mwenye stablaiza 😂

#27 MkataWaya
👆👆 Huyu kijana apewe soda.

#28 Mwl_Mkondo
Kweli kabisa, kwenye stablaiza hesabu ya fundi inakaa. Na kuna vingine vya familia hiyo, televisheni, chaja za simu, taa nyingi za LED, friji na kiyoyozi cha inveta. Ndani yake kuna saketi inayojirekebisha ili itoe nguvu ileile. Televisheni ya wati 60 kwenye 230 inavuta ampea 0.26, kwenye 187 inavuta 0.32. Volti zinashuka, ampea zinapanda, wati karibu palepale.

Kwa hiyo mnaobishana hapa kila mtu kashika kifaa chake mkononi.

#29 mzee_wa_tegeta
Vijana mnapenda kujitesa. Volti ni presha ya maji bombani, ampea ni maji yanayopita, ukinzani ni wembamba wa bomba. Presha ikipungua maji yanayopita yanapungua. Mnaandika risala ndefu.

#30 KibaoChaMwembeTayari
Mzee shikamoo. Bomba lako linafaa kwa birika. Kwa kompresa ya friji bomba linaongeza maji presha ikipungua, sasa hilo bomba utalinunua wapi?

#31 mzee_wa_tegeta
Marahaba. Kariakoo.

#32 KoiliNyekundu
Wakuu asanteni. Nimewasomea wapangaji post namba 8 uani. Sasa wameibua jipya, wanasema umeme unaopotea njiani ukiwa mdogo tunalipishwa sisi. Yani 230 imetoka kwenye transfoma, imefika 187, hizo volti 43 zilizopotea nani kazilipa?

#33 dundika_solda
Inategemea zimepotelea upande gani wa mita. Mita inazidisha volti zilizoifikia na ampea zinazopita ndani yake. Kilichopotea kabla ya mita hakikuhusu, hakijasomwa. Kilichopotea baada ya mita ni chako.

Mfano kabla ya mita. Waya wa aluminiamu wa milimita 16 za mraba una ukinzani kama omu 1.91 kwa kilomita. Kama nyumba iko mita 200 kutoka kwenye laini kubwa, kwenda na kurudi ni mita 400, sawa na omu 0.76. Nyumba ikivuta ampea 30 unapoteza volti 23 na wati karibu 690 zinapasha moto hewa ya mtaa. Watu wakijiunga wengi kwenye waya huohuo, volti 43 ni kitu cha kawaida tu.

Mfano baada ya mita. Ekstensheni nyembamba ya waya wa 0.75, mita 20, kwenda na kurudi 40, ni karibu omu moja. Birika lako la ampea 7.1 linaacha volti 7 humo na wati 50. Hizo umelipia. Ukiishika ekstensheni ni ya vuguvugu, na ukiiacha imeviringishwa kwenye rili lake inaweza kuyeyuka.

#34 BintiFumba
Ati kwetu watu husema umeme mdogo kwa sababu unapita chini ya bahari kutoka Dar unachoka njiani. Kweli?

#35 chalii_wa_moshono
Unalowa 😂

#36 Mwl_Mkondo
@BintiFumba si kweli, au niseme bahari si ya kulaumiwa kwa volti za soketini kwako. Waya ule unatoka Ras Kiromoni, pwani ya Dar, unafika Fumba kwa volti 132,000. Wanapandisha hivyo kwa hesabu hiihii tunayobishania. Nguvu ni volti mara mkondo, kwa hiyo ukipandisha volti mkondo unashuka, na hasara kwenye waya ni mkondo mara mkondo mara ukinzani. Megawati 100 kwa volti 132,000 kwenye fezi tatu ni ampea kama 437. Nguvu hiyohiyo kwa volti 11,000 ingekuwa ampea 5,249, mara kumi na mbili, na hasara mara mia na arobaini na nne kwenye waya uleule. Ndo maana hata umeme wa bwawa la Kidatu kuja Dar ni 220,000 na bwawa la Rufiji linatoka kwa 400,000.

Ukifika kisiwani unashushwa hatua kwa hatua na volti zinaweza kurekebishwa kwenye vituo. Kinachokuchosha wewe ni mwendo wa mwisho, kutoka transfoma ya mtaa mpaka kwako.

#37 PumbaNaMchele
Kwani 132 si ule wa zamani na mpya?

#38 Mwl_Mkondo
Wote wawili ni 132. Wa kwanza ni wa 1980, wa pili wa megawati 100 uliwekwa 2013. Pemba ndo tofauti, inatoka Tanga kwa 33,000, tangu 2010.

#39 BintiFumba
Ahsante mwalimu. Mwaka ule waya wa zamani ulipokatika tulikaa miezi na jenereta, hakuna aliyekuwa na hamu ya kuhesabu.

#40 Jua_la_Kigoma
Naomba nichomekee la kwangu maana niko sola. Nina kifaa cha wati 100 cha volti 12, waya wa 1.5 kutoka kwenye betri mpaka banda la kuku kama mita 15. Betri inasoma 12.6, bandani nasoma 9 na kitu, kifaa kinawaka na kuzima. Fundi aliyefunga anasema betri mbovu ninunue nyingine.

#41 dundika_solda
Betri yako haina kosa. Wati 100 gawanya 12 ni ampea 8.3. Waya wa 1.5 ni omu 12.1 kwa kilomita, mita 15 kwenda na kurudi ni 30, omu 0.36. Zidisha 8.3 unapata volti 3. Hizo tatu ndo unazozitafuta bandani. Wati 100 hizohizo kwa 230 zingevuta ampea 0.43 na waya huo usingehisi kitu. Weka waya wa 6, unashuka chini ya volti moja. Au sogeza betri karibu na kuku.

#42 MkataWaya
Na kaza tamino. Nusu ya hizo volti unakuta ziko kwenye kiungio kilicholegea. Kigoma weka kidole kwenye tamino za betri, ukikuta ya moto usinunue waya kwanza.

#43 Jua_la_Kigoma
Ya moto kweli upande mmoja, nyekundu. Ngoja kesho nikaze niwaletee vipimo.

#44 KoiliNyekundu
Turudi Mbagala jamani. Kuna njia ya kuwaonyesha hawa watu bila klampu? Mwenyewe fundi anaitaka.

#45 KibaoChaMwembeTayari
Tumia mita yenyewe. Kuna kitaa chekundu kinapepesa, na pembeni imeandikwa kitu kama 1000 imp/kWh. Maana yake ikipepesa mara 1000 ni uniti moja, kwa hiyo kila mpepeso ni wati saa moja. Zima vyote, acha birika tu, hesabu kwa dakika moja. Kwa 187 utapata mipepeso 22. Rudia asubuhi volti zikiwa 230, utapata 33 au 34. Waite wote wahesabu kwa sauti.

#46 Sina_Ekstensheni
Picha naiona, wapangaji wamezunguka mita saa mbili usiku wanaimba moja mbili tatu

#47 KoiliNyekundu
Tumehesabu. 22. Mpangaji wa chumba cha mwisho kasema 23 lakini huyo anabisha kila kitu.

#48 mama_wa_kona
Samahani nimechelewa kwenye uzi. Nyumba yetu ina sabmita za kila chumba lakini ubishi hauishi, mwenye pasi ndo anasemwa. Naombeni mnihesabie, pasi ya wati 1000 nusu saa, na feni ya wati 60 inayolala ikiwaka saa kumi.

#49 dundika_solda
Pasi nusu saa ni uniti 0.5, na kiukweli ni chini ya hapo kwa sababu thamostati inakata na kurudi. Feni 60 mara saa 10 ni uniti 0.6.

#50 mama_wa_kona
Subutu!! Mwenye feni ndo anayenisema kila siku. Nakipeleka kikaoni kesho.

#51 fyuzi_ya_waya
Na hizo sabmita za bei rahisi mnaziamini? Friji yangu klampu inasema ampea 0.9, mara 230 ni 207, sabmita inasema 130. Inaiba.

#52 KibaoChaMwembeTayari
Haiibi, hiyo ni pawa fakta. Kwa mota mkondo na volti havipandi na kushuka kwa pamoja, mkondo unachelewa, kwa hiyo kuzidisha tu hakukupi wati za kweli. 130 gawanya 207 ni 0.63, kawaida kwa friji ndogo. Mita inasoma 130. Kwa birika pawa fakta ni 1, ndo maana hesabu ya mleta mada ilikaa bila shida.

#53 fyuzi_ya_waya
Umeona? Niliwaambia AC inachangia, mkanibishia post namba 14.

#54 dundika_solda
Ulikuwa unaongelea balbu!

#55 MkataWaya
@KoiliNyekundu swali moja sijaona mtu ameuliza. Hapo nyumbani friji ni la nani?

#56 KoiliNyekundu
Lipo moja tu, frizabodi la mama mwenye nyumba. Anauza barafu na juisi. Liko kwenye LUKU yetu ya pamoja.

#57 chalii_wa_moshono
HAHAHAHA

#58 Sina_Ekstensheni
Kumbe mama anaongea kwa uzoefu. Umeme mdogo unakula uniti, za kwenu.

#59 MkataWaya
Hapo sasa. Frizabodi la zamani jioni kompresa inajitahidi, inavuta ampea nyingi, inachelewa kufikisha baridi, haizimi. Mama anaona mita inakimbia, anadhani ni birika lako. Hesabuni mipepeso likiwa peke yake linawaka.

#60 Mwl_Mkondo
Polepole fundi. Ampea kupanda si lazima wati zipande kiasi hichohicho, pawa fakta nayo inabadilika. Na jioni anafungua mlango kila dakika kuuza barafu, kuna watoto wanataka juisi, hilo peke yake linafanya kompresa isizime hata volti zikiwa 240.

#61 MkataWaya
Mwalimu ukishindwa friji unasingizia watoto.

#62 KoiliNyekundu
Nimuombe vipi mama anizimie birika na pasi ili nihesabu friji lake bila kufukuzwa? Serious.

#63 mzee_wa_tegeta
Nunua juisi kwanza.

#64 Jua_la_Kigoma
Nimekaza tamino. Bandani sasa volti 10.4. Waya naagiza. Fundi wa betri hapokei simu.

#65 mama_wa_kona
Samahani tena, mita yangu imeandikwa 1600 na si 1000. Halafu nimezima vyote mpaka mein swichi, kitaa bado kinawaka. Kuna mtu kajiungia kwangu?

#66 chalii_wa_moshono
Jirani huyo dada, fuata waya taratibu usimshtue

#67 KibaoChaMwembeTayari
@mama_wa_kona kwa 1600 kila mpepeso ni wati saa 0.625, kwa hiyo ukihesabu 40 kwa dakika ni kilowati moja na nusu. Kuhusu kitaa, kinapepesa au kimewaka tu kimetulia?

#68 mama_wa_kona
Kimetulia. Hakipepesi.

#69 KibaoChaMwembeTayari
Kwenye mita nyingi hiyo ni alama ya kwamba hakuna mzigo unaopita. Washa balbu moja uone kama kitaanza kupepesa.

#70 mama_wa_kona
Kimeanza. Asante kaka, nilikuwa nishavaa viatu niende kwa jirani.